Hakuna Ngano Katika Nyumba Hii

3 Machi

Sindano, dada yangu mdogo,

Natumaini barua hii imekukuta mzima. Mimi si mzima, na nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na mke wa mwanangu ana masikio mazuri.

Unajua kwamba Novemba nililazwa. Nilikuwa nimekonda hadi mkanda wa suruali ukatobolewa matundu mawili mapya. Daktari alipima damu, akanipitishia kooni mpira wenye kamera, akaniambia matumbo yangu hayaiwezi ngano. Ndani ya ngano, na ndani ya shayiri pia, mna kitu kinachoitwa gluteni; ndicho kinachoufanya unga unatane ukandwapo. Kwa wengine ni chakula, kwangu ni msasa unaosugua utumbo. Dawa yake si kidonge. Dawa ni kuacha kabisa, maisha yote, na hata chembe iliyobaki kwenye kisu yatosha kuniharibu.

Nimeacha. Wewe unanijua: nikichorewa mstari, natembea juu ya mstari. Sijagusa mkate, biskuti, tambi wala keki. Mke wa mwanangu, ambaye ni mpishi wa shule, aliyakagua makabati ya jikoni mbele ya macho yangu, akatoa kila chenye ngano akampa jirani. Akaninunulia sufuria yangu, mwiko wangu na kopo langu la unga wa mahindi. Nikasema moyoni, huyu ni binti.

Mwezi wa Desemba wote nilipumzika nikapata nafuu. Januari mambo mawili yalitokea. Mimi nilirudi karakana kwangu uani kujalidi vitabu, na mwanangu alirudi kwenye lori lake la masafa marefu, akatuacha wawili ndani ya nyumba. Tangu hapo tumbo limerudi kule kule: kuvimba, kuharisha, viungo kuuma, kichwa kizito kama kimejazwa mchanga. Juzi daktari alisoma majibu ya damu ya mara ya pili, akavua miwani.

“Mzee, unakula ngano.”

“Sili.”

“Basi unalishwa. Damu haina sababu ya kunidanganya.”

Huenda alitania. Mimi sikucheka. Nyumba ina watu wawili. Mmoja anakula na mmoja anapika. Wiki iliyopita nilimsikia akisema na mama yake kwenye simu: “Chumba kikiwa wazi tu, nitakuita.” Chumba kipi, Sindano? Nyumba hii ina vyumba viwili vya kulala, na kimoja nalala mimi.

Nishauri. Usimwambie mtu.

Kaka yako,
Fundi


11 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Mtu anayetaka kummaliza mkwewe hamnunulii sufuria kwanza. Hilo nakuambia kwa akili zangu timamu. Lakini usinifanye hakimu: mimi nina wake wa wanangu wawili, nawapenda wote, na chumvi yangu naiweka chumbani kwangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Walisahau kusema ni nguo ipi, ndiyo maana tunavua zote.

Kama shaka inakunyima usingizi, fanya kama alivyofanya baba wateja walipokuwa wakimnyofolea kurasa. Unakumbuka? Alilizungushia kila bunda ukanda wa karatasi. Ukanda ukichanika, kuna mkono uliopita. Funga makopo yako, kaa kimya, utazame. Ama umshike, ama umwombe radhi kimoyomoyo na yaishe bila mtu kujua.

Na jambo moja nijibu kwa kweli: je, hakuna ngano iliyosahauliwa mahali humo ndani? Mfuko nyuma ya jokofu, pakiti ya supu? Tafuta kabla hujatafuta mkosaji.

Mdogo wako,
Sindano


24 Machi

Sindano,

Nimefanya ulivyosema. Kila kopo langu, la unga, la mchele, la sukari, hata la chumvi, limezungushwa ukanda wa karatasi kwenye mdomo wa kifuniko, umepakwa gundi yangu vizuri pande zote na umepigwa sahihi yangu kwa wino. Asubuhi nauchana ukanda mwenyewe, napika uji mwenyewe, kisha nafunga tena. Chakula chake sili. Anaweka mezani, namwambia nimeshiba, anaondoa.

Sasa sikiliza. Siku kumi, hakuna ukanda hata mmoja uliochanika. Na katika siku hizo hizo nimeumwa kuliko miezi yote. Jumanne sikuweza kusimama. Maana yake ni nini? Maana yake ana njia nyingine. Mtu anayekanda unga wa ngano kwa watoto mia nne kila siku anao kwenye kucha, kwenye nywele, kwenye pumzi.

Juzi alipoingia kutoka kazini nilimwomba aproni yake.

“Ya nini, Baba?”

“Nataka kuinusa.”

Aliweka mkoba chini. Kisha akasema, “Baba, aproni naiacha shuleni tangu Novemba. Nabadilisha nguo kabla ya kupanda basi. Nanawa hadi kwenye viwiko. Dada wa jikoni wananiita daktari wa upasuaji.” Akacheka. Nilitazama kama macho nayo yanacheka. Hayakuwa yakicheka.

Umeniuliza kama kuna ngano iliyosahauliwa. Nimepekua kabati, jokofu, chini ya sinki na chumbani kwao alipokuwa kazini. Hakuna ngano katika nyumba hii. Naapa kwa kaburi la baba.

Kaka yako,
Fundi


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Utashangaa kupata barua yangu. Mume wangu yuko njiani na simu yake inapatikana kwa bahati, na haya siwezi kumwambia mama yangu mzazi bila kumtia ugonjwa wa moyo.

Baba ananishuku. Hajasema, lakini anafunga makopo ya chakula kama barua za serikali. Hali ninachopika. Ameninusa, Shangazi! Kama vile mbwa wa forodha. Nikirudi kazini nakuta nguo zangu kabatini zimekunjwa vizuri kuliko nilivyoziacha, basi najua alipita.

Nilivumilia, maana mgonjwa ni mgonjwa. Lakini jana nimeona kitu, na tangu jana sijui nimwonee huruma au nimkasirikie. Aliposhikwa na tumbo akaenda kulala, niliingia karakana kukusanya vikombe vyake. Juu kabisa kwenye rafu, nyuma ya ile mashine ya chuma ya kubania vitabu, pana kifuko cha unga wa ngano. Kilo mbili, kimekunjwa mdomo, zaidi ya nusu umekwisha. Na si wa zamani. Tarehe ya dukani ni ya mwezi huu.

Nikakumbuka pindo za mikono ya mashati yake ninayofua. Daima zina kitu cheupe kilichokauka kama uji. Nilifikiri ni uji wa mahindi.

Anakula kwa siri, Shangazi. Sijui anaoka nini au anakoroga nini huko ndani, lakini anakula, kisha anaumwa, kisha ananitazama mimi. Nilihisi kama nimemfumania na mwanamke. Mtu aliyenyimwa mkate miaka yake ya uzeeni namwelewa. Lakini kwa nini anibebeshe mimi?

Nakuomba zungumza naye kwa hekima, wewe anakusikia. Tafadhali usimwambie kwamba niliingia karakana. Hapendi mtu aingie.

Mkwe wako


2 Aprili

Kaka,

Nitasema wazi kwa sababu sisi ni wazee na muda ni mfupi. Hakuna aibu kwa mtu kushindwa na mkate. Mkate una harufu yake asubuhi, mimi nisingeweza kuuacha hata kwa amri ya mahakama. Lakini ukishindwa, sema umeshindwa. Usile gizani ukamsingizia aliye mwangani.

Hicho kilichoko nyuma ya mashine ya kubania, kitoe leo, ukitupe, nasi tusahau. Sitauliza zaidi.

Mdogo wako anayekupenda,
Sindano


12 Aprili

Sindano,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama na nimebaki nimesimama. Nani amekuambia kilichoko nyuma ya mashine yangu? Wewe hujakanyaga hapa miaka sita. Basi yuko aliyeingia karakana kwangu nilipokuwa nimelala hoi, akapekua, kisha akakuandikia wewe kabla ya kuniuliza mimi. Na wewe, damu yangu, ukamwamini.

Unga ule ni wa gundi! Tangu lini gundi ikawa chakula? Kila Jumatatu naipika kama alivyoipika baba: unga wa ngano, maji, shabu kidogo ya kuzuia wadudu, koroga hadi ing'ae. Hiyo ya dukani iliyo kwenye ndoo sijawahi kuitumia na sitaitumia. Inakakamaza mgongo wa kitabu, na baada ya miaka kumi kitabu kinavunjika kama biskuti. Kifuko kipo juu kwa sababu ya panya. Sijaonja hata kijiko. Mwizi anaposhikwa huwa wa kwanza kupiga kelele za mwizi, na huyo ndivyo alivyofanya.

Mambo yamekwisha hata hivyo. Nilipopata barua yako nilimwandikia mwanangu kupitia ofisi yao ya malori. Niliandika sentensi moja: “Mkeo ananilisha kinachoniua, kidogo kidogo, kwa kijiko.” Alipiga simu Ijumaa jioni. Nilisikia upande mmoja tu. Mkewe alisema, “Na wewe umeamini?” Kisha akasema, “Sikuulizi habari zake. Nakuuliza wewe.”

Jumapili alifungasha akaenda kwa mama yake. Aliniachia viazi vilivyochemshwa, vimefunikwa. Nimevimwaga.

Sasa nyumba ni salama. Napika mwenyewe, nafunga mwenyewe. Kazi ninayo nyingi: daftari mia mbili za kumbukumbu za ofisi moja, zote za kushonwa na kujalidiwa kabla mwezi haujaisha. Nikipona, utajua nani alikuwa mkweli.

Fundi


17 Aprili

Kaka,

Usiirarue hii. Kaa, uisome hadi mwisho, kisha unitukane.

Nilidhani umeshahamia gundi ya ndoo kama mafundi wenzako wote. Sikujua bado unapika ya baba. Ungeniambia hilo Machi, nisingeandika nilichoandika.

Nieleze unavyohesabu kurasa. Nakueleza mimi, maana tulifundishwa benchi moja: unakigusisha kidole ulimini, unageuza, unakigusisha tena. Karatasi mia, ulimi mara mia. Brashi ikitawanyika unaichonga ncha kwa midomo. Ukikata uzi unaushika kwa meno, na mikono yako wakati huo ina gundi hadi kwenye vifundo. Tulipokuwa wadogo mimi nilikuwa naramba chungu cha gundi kikipoa, nawe ukinisemea kwa mama. Unakumbuka nilisema ina ladha gani? Nilisema ni uji usio na sukari.

Daktari alikuambia chembe kwenye kisu yatosha. Wewe unakula gundi ya ngano kwa vidole kumi, kutwa, tangu Januari uliporudi mezani. Desemba hukufanya kazi, na Desemba ulipona. Mwanao kuondoka ni jambo jingine lililotokea mwezi huo huo tu.

Na sasa lililo baya zaidi, nalo lina mkono wangu. Zile kanda. Ulizipaka gundi gani? Kila asubuhi unachana ukanda uliokauka juu ya mdomo wa kopo. Kile kinachomeguka kinaangukia wapi? Umekuwa ukiinyunyiza ngano ndani ya unga wako wa mahindi kwa mkono wako mwenyewe na kuitilia sahihi. Ndiyo maana kadiri ulivyojilinda ndivyo ulivyozidi kuumwa.

Ulimtafuta mchawi, kaka, na wakati wote ulikuwa umeshika ungo wake.

Mimi ndiye niliyekushauri kanda. Nakuomba radhi. Kuna mwingine anayekudai radhi, na huyo simwandikii mimi kwa niaba yako.

Sindano


2 Mei

Binti yangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nilizichana kwa sababu zilikuwa zikijitetea.

Nilikushtaki kwa mume wako kwamba unanilisha ngano. Hukunilisha. Nilijilisha mwenyewe, kwa gundi ya kazi yangu, kwa kulowesha kidole ulimini na kuchonga brashi midomoni, na kwa kanda nilizozifungia makopo ili nikunase. Shangazi yako ndiye aliyeliona. Sikumwamini. Niliiacha gundi siku nne ili tu nimthibitishie kwamba amekosea. Siku ya tano nililala usiku kucha bila kuamka. Leo ni siku ya kumi na mbili na nimekula sahani nzima ya wali.

Karakana nimeisugua kwa maji ya moto. Makopo yote nimemwaga. Zile daftari za ofisi nimezirudisha nikasema siwezi. Wakashangaa, kwa kuwa hawajawahi kunisikia nikisema hivyo. Nikirudi kazini nitatumia gundi ya ndoo, Mungu anisamehe.

Nilipekua chumba chenu. Nilizikunja nguo zako ili usijue. Nilivimwaga viazi ulivyoniachia. Hayo hukuyajua yote, na nayaandika ili usije ukayasikia kwa mwingine.

Nimemwandikia mwanangu kwamba neno nililomwambia juu yako lilikuwa la uongo, ingawa niliposema niliona ni kweli. Alichokujibu siku ile sijui, na si haki yangu kukiuliza.

Nilikushtaki mbele ya mtu, kwa hiyo sitaomba radhi kwenye karatasi tu. Jumamosi ijayo nitakuja kwa mama yako nilitamke kosa langu mbele yake. Ukitaka nisije, niandikie. Nikikosa jibu nitapanda basi.

Baba mkwe wako


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo tena. Alikuja.

Barua yake niliipata Jumatano. Kama ningetaka kumzuia ningeweza. Sikumjibu. Nilitaka nione kama kweli atapanda basi.

Lazima nikueleze kwanza: mama sikuwa nimemwambia sababu. Nilimwambia tumegombana na mume wangu, basi. Aibu ya kushukiwa sumu mtu haibebi mpaka mlangoni kwa mama yake. Hata kile chumba nilichokuwa nikimtafutia, cha kupanga jirani na kwetu, nilimwambia kimepata mtu.

Saa nne hodi. Amevaa koti la suti, amenyoa, amenenepa kidogo shingoni. Mama alifurahi, akamkalisha, akaenda jikoni. Tukabaki wawili. Alikuwa anatazama mikono yangu, nami nilikuwa natazama yake.

Mama akarudi na chai na sahani ya mkate. Mkate mweupe, wa kukata, umepakwa siagi. “Karibu, mzee. Kwetu mgeni haongei na tumbo tupu.”

Shangazi, yule mtu alinyoosha mkono akachukua kipande. Hakusema “siwezi.” Hakusema “daktari amenikataza.” Alikishika, akanitazama mimi, akakiinua. Kilifika hapa, chini ya masharubu.

Nilikipokonya. Sikufikiri. Nilikipokonya hadi siagi ikampaka kidevu, na chai ikamwagika kwenye kitambaa cha mama.

“We mtoto!” mama akapiga kelele. “Unamnyang'anya mkweo chakula mdomoni? Ndivyo nilivyokulea?”

Baba akasimama. Akasema yote, kuanzia daktari mpaka viazi. Hakujipunguzia hata moja. Alipotamka neno “sumu” mama alishika kiti. Alipomaliza, mama akasema:

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Hakuna kingine ulichokificha?”

“Hakuna.”

“Basi kaa ufute kidevu. Nikachemshe viazi, na hivi utavila mbele yangu.”

Akavila. Vyote. Kisha akaniomba nirudi nyumbani. Nikamwambia nitafikiri. Akapanda basi peke yake.

Mume wangu anapiga simu kila siku, naye ameomba radhi hadi vocha zinamwishia. Huyo nimeshapatana naye. Linalonikaba ni hili, na kabla sijapata jibu sifungi mzigo. Kile kipande. Je, alikuwa tayari kukila kweli, kwa heshima ya mama, ajiumize kuliko kukataa chakula cha nyumba aliyoikosea? Au alikuwa ananipima, aone kama nitamwacha ale? Kama ni la kwanza, nitarudi leo. Kama ni la pili, Shangazi, mtu amekuja kuomba radhi ya kunishuku huku bado ananishuku.

Wewe umemjua tangu utoto. Angekula?

Mkwe wako


19 Mei

Mwanangu,

Angekula. Na pia alikuwa anakupima. Kaka yangu hajawahi kufanya jambo kwa sababu moja tu tangu nimjue, na nimemjua miaka sitini na tatu.

Huyo hataacha kushuku. Akipona tumbo, atashuku mvua. Lakini wapo wanaoshuku wakataka wengine waumie ili wajue ukweli, na yupo huyu aliyetaka kuujua kwa tumbo lake mwenyewe. Kama unaweza kuishi na mtu wa namna hiyo, rudi. Kama huwezi, sitakulaumu, na nitamwambia hivyo.

Nami nikwambie langu. Nilikuwa na barua yake na yako mkononi, zote mbili zinaapa. Nilimwamini nani? Nilimwamini aliyeandika mwisho. Hiyo ndiyo hekima yangu yote. Kwa hiyo hata hii isome mara mbili.

Shangazi yako,
Sindano


25 Mei

Baba,

Shikamoo. Nakuja Jumapili kwa basi la asubuhi.

Usipike. Usinunue kitu. Usikae jikoni ukinitazama. Utakula nitakachokuwekea mezani, bila kuniuliza kina nini, au utalala njaa. Ukikubali, usinijibu, fungua tu mlango nikibisha.

Binti yako